Wigi Wakati wa Dawa za Kansa: Jitayarishe Kabla Nywele Hazijatoka

Wiki kama tatu hivi baada ya mgonjwa wa parokia yetu kuanza dawa za kansa, mimi humtembelea nyumbani hata kama hajaniita. Wenzangu ofisini walikuwa wakiniuliza mbona nachagua wiki hiyo na si nyingine. Sababu ni nywele.

Dawa za kansa za kudungwa kwenye mshipa, zile watu huita kemo, hutolewa kwa awamu. Wagonjwa wengi wa kansa ya matiti hudungwa leo, halafu wanarudi baada ya siku 21. Na kama kati ya dawa zako kuna ile nyekundu kama juisi, inayoitwa doksorubisini, nywele huanza kunyonyoka kati ya siku ya 14 na siku ya 21. Hebu piga hesabu. Siku unayotakiwa kupanda matatu ukadungwe mara ya pili ndiyo hiyo hiyo umeamka ukakuta mto umejaa nywele.

Mama mmoja anayeuza mandazi kwenye steji hakuenda siku hiyo. Nilimkuta kitandani saa tano asubuhi, leso ameifunga hadi kwenye nyusi, na kadi ya kliniki iko chini ya mto. Umri wake ni wa mama yangu mzazi. Nilimuuliza kama ni nauli imekosekana.

"Nauli iko, mwanangu," akasema. "Lakini nikipita steji na kichwa hiki wataniuliza nimefiwa na nani."

Msomaji wa huku kwetu magharibi anaelewa. Kwa Waluhya na Wajaluo, na hata makabila mengine, mwanamke aliyenyolewa kichwa chote ametoka matangani. Kama hakuna aliyekufa, basi watu watajitafutia maneno yao wenyewe, na maneno hayo tunayajua. Mama huyu alikuwa ameambiwa yote kuhusu kutapika, kuhusu homa, kuhusu vidonda vya mdomo. Kuhusu nywele aliambiwa sentensi moja tu: zitatoka lakini zitarudi. Ni kweli kabisa, lakini haimsaidii mtu kupita steji asubuhi.

Alipoteza wiki mbili kabla hajakubali kurudi. Tarehe za dawa hizi haziwekwi ovyo. Kila awamu hupangwa ifuate nyingine kabla seli za kansa zilizobaki hazijapata nafasi ya kuongezeka tena. Daktari akiahirisha kwa sababu damu yako iko chini, hiyo ni kazi yake na ana sababu. Wewe usiahirishe kwa sababu ya kichwa.

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo ya wigi ambayo hayakuwa katika diploma yangu. Nimeyajifunza madukani, kwa wasusi, kwa wauguzi na kwa wagonjwa wenyewe. Mengine nimeyajifunza kwa kupoteza pesa za watu, kama nitakavyoeleza.

Uliza kwanza kama nywele zitatoka

Si kila dawa ya kansa inatoa nywele, na watu wengi hawajui. Dawa za kemo hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Seli za kansa ziko hivyo, lakini na seli za shina la nywele pia ziko hivyo, ndiyo maana zinaumia pamoja. Ila dawa hazifanani nguvu. Doksorubisini na paklitakseli hutoa nywele karibu zote, na kwa wengine hata nyusi na kope. Nyingine hupunguza tu, mtu akabaki na nywele nyembamba. Tamoksifeni, kile kidonge wanachomeza akina mama wengi kwa miaka 5 au zaidi baada ya kansa ya matiti, hakikufanyi kipara, ingawa kinaweza kupunguza nywele kiasi. Na mionzi hutoa nywele mahali inapopigwa tu. Ukipigwa mionzi kwenye nyonga, nywele za kichwani hazihusiki.

Nasema hivi kwa sababu mama mwingine, mwenye kansa ya mlango wa uzazi, alichangiwa na chama chake wigi ya shilingi elfu nne kabla hajaanza matibabu. Alipewa mionzi pamoja na sisplatini kila wiki. Nywele zake hazikutoka, zilipungua kidogo tu. Wigi ilikaa kwenye karatasi yake, na mwezi uliofuata nauli ya kwenda mionzi ikawa shida. Elfu nne hiyo ingemsafirisha mara kadhaa.

Kwa hivyo siku ya kupangiwa dawa, muulize daktari au muuguzi: dawa zangu zinaitwaje, na je, hizi zangu zinatoa nywele zote au zinapunguza? Mwombe akuandikie majina. Usitegemee jirani aliyetibiwa mwaka jana, kwa maana yawezekana ugonjwa ni ule ule na dawa ni tofauti.

Na kuna wanaouza mafuta, ati ukipaka nywele hazitoki. Nywele zinaumia kutoka ndani, kwenye damu, si kutoka nje. Hakuna mafuta ya kupaka yanayozuia jambo hilo. Weka pesa yako.

Wiki mbili za kwanza

Kama umeambiwa nywele zitatoka, una takriban siku 14. Katika siku hizo fanya mambo mawili.

La kwanza, nenda ukatafute wigi ukiwa bado na nywele zako na nguvu zako. Siku tatu nne za kwanza baada ya dawa huwa mbaya kwa watu wengi, kwa hivyo ni vizuri zaidi kwenda hata kabla ya awamu ya kwanza. Nenda na mtu mkweli, binti yako au dada yako, si yule wa kusema kila kitu kinakupendeza. Piga picha ya uso wako na simu, mbele na pande zote mbili. Picha hiyo itasaidia baadaye kuchagua mtindo, na pia kuchora nyusi mahali zilipokuwa kama zitatoka.

La pili, kata nywele ziwe fupi. Kama umesukwa, fumua. Nywele ndefu zikitoka kwa mafungu zinatisha kuliko fupi, na zinaziba maji ya bafu. Wengi husikia ngozi ya kichwa inauma au inawasha siku moja mbili kabla, kama mtu aliyesukwa akavutwa sana. Hiyo ndiyo dalili kwamba zimefika.

Lakini wembe hapana. Tumia mashine ya kinyozi, na isishuke hadi kwenye ngozi. Katika wiki ya pili baada ya dawa, chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu huwa chini kabisa, na mkwaruzo mdogo tu wa wembe unaweza kuleta maambukizi. Kinyozi asafishe mashine kwa spiriti mbele yako. Asiudhike, na akiudhika nenda kwa mwingine. Hapa niongeze neno ambalo si la nywele lakini siwezi kuliacha: ukiwa kwenye dawa hizi na joto la mwili likafika 38, au ukasikia baridi ya kutetemeka, usingoje asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo na useme wazi kwamba uko kwenye kemo.

Mama mmoja kijana alimpa mtoto wake wa miaka sita mashine ashike akimnyoa, fundi akisaidia. Mtoto alicheka sana. Baadaye mama huyo aliniambia kwamba mwanawe hakuogopa kichwa cha mamake kwa sababu alijua ni yeye alikinyoa. Sisemi kila mtu afanye hivyo, watoto hawafanani.

Wigi ya dukani haikutengenezewa mtu asiye na nywele

Hapa ndipo mimi mwenyewe nilikosea. Nilimpeleka mgonjwa katika duka moja mjini, tukiwa na mchango wa jumuiya mkononi. Muuzaji alituonyesha wigi nzuri sana, mbele ina wavu mwembamba unaofanana na ngozi, akasema ndiyo mtindo wa sasa na inabandikwa kwa gundi, haitoki hata upepo uvume. Tukalipa. Baada ya wiki moja mgonjwa akanionyesha paji la uso lina vipele na mahali pawili pamechubuka. Muuguzi aliniuliza nani alimshauri atumie gundi. Nilinyamaza.

Wigi nyingi zinazouzwa kwetu, kuanzia River Road hadi kwenye vibanda vya soko letu, zimetengenezwa kwa mwanamke mwenye nywele zake aliyesuka matuta, akataka kubadilisha sura wikendi. Kwa sababu hiyo zina mambo matatu yanayomsumbua mgonjwa.

Kwanza, ni kubwa. Nywele zako na matuta hujaza nafasi, na zikiondoka kichwa kinapungua. Wigi iliyokukaa vizuri dukani inaanza kuzunguka. Chukua futi ya fundi wa nguo, pitisha mbele pale nywele zinapoanzia, juu ya masikio, hadi kisogoni chini, uzunguke. Wigi nyingi za watu wazima ni za inchi 22 hivi. Ukiwa na matuta unaweza kupata 23, na ukishanyoa ukapata 21 na nusu. Kwa hivyo angalia ndani, upande wa kisogo, kama kuna mikanda midogo ya kukaza yenye vishikizo. Isiyo na mikanda hiyo usinunue, hata iwe nzuri namna gani. Mikanda hiyo itakusaidia pia kwa jambo lingine: wagonjwa wengi hupewa vidonge au sindano za steroidi pamoja na dawa, na uso unaweza kunenepa kisha ukapungua tena. Wigi ya kukaza na kulegeza inafuata mwili.

Pili, ndani kuna vichana vidogo, viwili au vinne, vya kushika kwenye matuta. Kwenye kichwa kisicho na nywele vichana hivyo ni kama kucha. Vitoe. Tumia mkasi mdogo, kata uzi unaovishikilia, pole pole usikate na wavu. Mahali pake fundi wa nguo akushonee lastiki pana kutoka sikio hadi sikio kwa nyuma. Kazi yenyewe haichukui nusu saa.

Tatu, bitana. Mishono ya ndani inakwaruza ngozi. Vile vikofia vya nailoni vinavyouzwa pamoja na wigi huteleza na huleta joto. Chukua fulana ya zamani ya pamba, iliyooshwa mara nyingi hadi ikalainika, ukate kikofia chako mwenyewe. Shona viwili au vitatu, uwe unabadilisha kila siku kama soksi. Pamba hunywa jasho na haitelezi. Nimeona wagonjwa waliotaka kutupa wigi wakaanza kuipenda kwa sababu ya kikofia cha fulana.

Ukiigeuza wigi ndani nje utaona jinsi ilivyoshonwa. Zile ambazo nywele zimeshonwa kwa mistari kwenye lastiki, na kati ya mistari unaona mwanga, hupitisha hewa. Zile zilizofunikwa kitambaa kizito juu yote huchemsha kichwa. Kwa jua la Kisumu au la Busia, chagua yenye mwanga.

Na gundi, hapana. Hata utepe wa kubandika, muulize muuguzi kwanza.

Jiko na wigi

Nywele za wigi ni za aina mbili, za binadamu na za kiwandani. Muuzaji atakusukuma kwenye za binadamu kwa sababu ndizo zenye bei, mara nyingi elfu kumi na kuendelea, na zingine zinapita elfu thelathini. Za kiwandani unaweza kupata kwa elfu moja na kitu hadi elfu tatu. Za binadamu hudumu mwaka au zaidi zikitunzwa, lakini zinataka kuoshwa na kutengenezwa upya kila mara, na mgonjwa hana nguvu hizo. Za kiwandani hukaa na mtindo wake hata baada ya kuoshwa. Zikivaliwa kila siku huchakaa baada ya miezi minne mitano, hasa kisogoni zinaposuguana na kola.

Sasa fikiria muda. Matibabu mengi ya kemo ya matiti huchukua miezi minne hadi sita, kisha nywele zako zinahitaji miezi mingine mitatu minne kufunika kichwa. Kwa maoni yangu mtu wa kipato chetu anafaa wigi moja ya bei nafuu sasa, na nyingine kama hiyo baadaye ikiwa bado anaihitaji. Elfu kumi na tano kichwani wakati vipimo vya damu havijalipwa, hiyo sikubali, na nimewaambia hivyo hata wanachama waliotaka kumfurahisha mwenzao.

Ila za kiwandani zina adui mmoja, na adui huyo yuko jikoni kwa kila mmoja wetu. Ni aina ya plastiki. Ukiinamia jiko la makaa, ukifunua sufuria ya githeri mvuke ukakupiga, ukifungua oveni, nywele za mbele zinajikunja na kuwa ngumu kama ufagio, na hazirudi tena. Moto wenyewe ukizigusa zinayeyuka, na hiyo ni hatari kwa ngozi. Pasi ya nywele na ile mashine ya kukaushia, usizikaribishe.

Nilimweleza haya yule mama wa mandazi. Aliitikia vizuri. Baada ya siku tisa upande mmoja wa mbele ulikuwa umesinyaa wote, kwa maana anasimama juu ya mafuta ya moto kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Tukakubaliana hivi: kazini kitambaa, wigi ni ya kliniki, kanisani na mikutano ya chama. Wateja walimzoea na kitambaa, tena upesi kuliko alivyodhani. Mwanamke mwenye kitambaa jikoni nani atamshangaa?

Rangi na mtindo

Madukani rangi huitwa kwa nambari. Nambari 1 ni nyeusi ti. 1B ni nyeusi iliyopoa kidogo, na nambari 2 ni kahawia ya giza sana ambayo ukiwa mbali unaona nyeusi. Wengi hukimbilia 1 kwa sababu nywele zetu ni nyeusi. Lakini dawa hizi hubadilisha ngozi. Kwa watu weusi, uso, viganja na kucha mara nyingi huwa na weusi zaidi wakati wa matibabu, na damu ikipungua mtu anapauka juu ya weusi huo. Nywele nyeusi ti pembeni ya uso wa namna hiyo hukaza sura, mtu akaonekana mgonjwa kuliko alivyo. 1B au 2 hupendeza zaidi. Kama una mvi na watu wanakujua na mvi zako, usijifanye msichana. Fupi yenye mvi kidogo ipo ukitafuta.

Mtindo, chagua unaokaribiana na picha yako, na uwe mfupi. Ndefu ni nzito, ina joto, na inachakaa upesi mabegani. Kama utapoteza nyusi, tafuta yenye nywele chache zinazoshuka kwenye paji la uso. Zinaficha mahali wigi inapoanzia, na zinaficha nyusi pia. Kuna na zile zilizosukwa tayari, za matuta au rasta, zinapendeza sana lakini pima uzito wake mkononi kwanza. Ngozi ya kichwa wakati huu ina uchungu.

Dukani, ivae, halafu inama kama unayefunga kiatu, tikisa kichwa, geuka kulia na kushoto. Toka nje ya mlango ujiangalie kwa mwanga wa jua, kwa sababu taa za duka hudanganya. Usione haya kumsumbua muuzaji.

Za mitumba usinunue. Chawa, mashilingi na ukoko husafiri ndani ya wigi, na mwili wako hauna askari wa kutosha wakati huu. Hata wigi ya dada yako msivae kwa zamu. Wigi ya kurithi kutoka kwa mgonjwa aliyemaliza ni sawa ikiwa mnajua alikuwa hana ugonjwa wa ngozi ya kichwa, imeoshwa kwa sabuni, ikakauka kabisa, na bitana ni mpya. Lakini mwonyeshe muuguzi wako kwanza.

Na asiyetaka wigi?

Si lazima. Kuna akina mama ambao makanisa yao hayaruhusu nywele za bandia, na wengine hawajawahi kuvaa kitu cha namna hiyo maishani, wanahisi wamevaa mtu mwingine. Kwa Akorino, kwa mfano, kilemba ni vazi la kila siku, na mgonjwa wao hana haja ya kueleza chochote. Kanisani kwetu akina mama wazee wengi bado hufunika kichwa kwa kitambaa wakati wa Misa. Kilemba cha pamba, kilichofungwa vizuri na kukunjwa kidogo juu ya paji ili kiwe na umbo, kinafanya kazi ya wigi kwa shilingi mia mbili. Hariri na nailoni huteleza. Usiku wa baridi vaa boshori laini. Wanaume na watoto nao hupoteza nywele, na kwao kofia kawaida inatosha, ingawa mtoto wa shule aombewe ruhusa kwa mwalimu mapema ili asiamriwe kuivua mbele ya wenzake.

Niseme na juu ya bodaboda, kwa sababu imewaaibisha wawili ninaowajua. Ukivua helmeti, wigi inafuatana nayo. Funga kitambaa unaposafiri, wigi iwe kwenye mfuko, uivae ukifika. Tena helmeti ya abiria inavaliwa na kila mtu, kwa hivyo kitambaa hicho kina kazi mbili.

Kuosha

Kila wiki moja au mbili, kulingana na jasho. Chana kwanza kuanzia ncha kwenda juu. Maji baridi kwenye beseni, shampuu kidogo, ichovye na kuibonyeza, usiisugue kama soksi na usiikamue. Suuza, ibonyeze ndani ya taulo, kisha ivishe mkebe mkubwa uliopinduliwa, kivulini. Usiichane ikiwa na maji. Usilale nayo. Kichwa chenyewe kioshe kwa sabuni isiyo kali, upake mafuta kidogo yasiyo na manukato, na ukitoka juani bila wigi funika, maana ngozi hiyo haijawahi kuona jua tangu ulipokuwa mtoto.

Zikirudi

Nywele nyingi huanza kuonekana mwezi mmoja au miwili baada ya dawa ya mwisho, na hukua karibu sentimita moja kwa mwezi. Zinaweza kuja na sura nyingine, laini kama za mtoto, au zenye mvi, au zilizojikunja tofauti. Kwa wengi hubadilika tena baada ya muda. Usizikimbize saluni. Dawa ya kulainisha, rangi, kusuka kwa kuvuta na kushonea nywele za bandia, mengi ya haya hushauriwa yangoje miezi sita hivi. Wigi yenye lastiki ya kukaza sana nayo husugua nywele changa, kwa hivyo ilegeze au urudie kitambaa.

Yule mama alimaliza awamu zote nane. Nywele zake zimerudi nyeupe, na anasema mjukuu wake humshika kichwa kila jioni kuona zimefika wapi. Ile wigi iliyoungua tuliitupa. Ya pili, aliyovaa Jumapili tu, ameileta ofisini. Imeoshwa, haina vichana, ina lastiki na bitana mpya ya pamba. Ni fupi, nambari 1B, na inakazika hadi inchi 21 na nusu. Anayeihitaji aje ofisi ya parokia siku ya Jumanne au Alhamisi asubuhi aijaribu. Kioo kipo, na mlango unafungika.